Bi Nesi na Unga wa Mawaridi

Mara ya kwanza kusemeshana naye, alikuja mlangoni petu na jani moja juu ya kisahani, amelifunika kwa glasi iliyopinduliwa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mimi na mama yangu tulikuwa tumehamia jengo lile la Darsait, mtaa wa hapa Maskati, wiki mbili tu, na yule mama wa ghorofa ya juu nilikuwa namjua kwa sura: mrefu, mwembamba, anapanda ngazi upesi bila kushika ukuta. Alitoa salamu, akaniletea kisahani puani.

"Hili unalijua?"

Lilikuwa jani la waridi, limejikunja kidogo pembeni, lina madoa meupe kama mtu kalipapasa kwa kidole chenye unga wa ngano.

"Ni jani," nikasema.

"Jani la nani?"

"Sijui, mama."

"Lako. Nimelichuma sasa hivi kwenye chungu chako hapo nje ya mlango. Mwanangu, umetuletea maradhi jengoni."

Chungu chenyewe nilikuwa nimekinunua kwa sababu kilikuwa na ua moja jekundu na ngazi zetu zilikuwa na giza. Sikuwa na habari na majani yake. Alikuwa ameshakikumbatia, anakipandisha juu ya paa, nami nyuma yake na kanga ya mama kichwani. Akakiweka upande wa matangi ya maji, peke yake.

"Hapa ndipo wanapotengwa," akasema. "Siku kumi na nne. Ukitaka kumwona njoo, lakini unawe mikono kwanza."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika wadi yake. Jengo zima walimwita Nesi, na mimi, kwa kuwa umri wake ni wa mama yangu, nikamwita Bi Nesi. Alikuwa amefanya kazi hospitali maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alihamishia kazi hiyo juu ya paa. Mawaridi yake aliyapanda kwenye vyungu na ndoo tupu za rangi, safu mbili zinazotazamana, na kati ya kila ndoo na mwenzake aliacha nafasi ambayo mtu anapita bila nguo yake kugusa jani. Mimi nilipoona nafasi zile nilisema pangeweza kutosha mengine mengi.

"Pangetosha," akasema. "Na wangekufa wengi zaidi. Hawa wanataka hewa. Ukiwabana wanapumuliana."

Hayakuwa na majina, yalikuwa na vitanda. Kitanda cha kwanza lilikuwa waridi jeupe la mlangoni, kitanda cha saba lilikuwa la pinki lenye harufu ya kukufanya usimame, na kadhalika mpaka ukutani. Kila ndoo ilibandikwa plasta ya hospitali, na juu ya plasta aliandika kwa kalamu ya wino mweusi siku aliyolipogoa na siku aliyolitia mbolea. Nilimuuliza kwa nini asiyape majina kama watu wengine.

"Nesi hampi mgonjwa jina," akasema. "Ukimpa jina, siku ya kumkata, mkono wako utatetemeka."

Juu ya paa alivaa kanga mbili, na kifuani alibana kwa pini ile saa ya manesi inayoning'inia kichwa chini. Mkasi wake alikuwa akiupangusa kwa spiriti kila alipotoka kitanda kimoja kwenda kingine, hata kama kile cha kwanza kilikuwa kizima. Majani aliyoyakata hayakuruhusiwa kugusa sakafu. Aliyatia kwenye mfuko, akaufunga fundo mbili, akashuka nao ngazi zote mpaka kwenye pipa la barabarani. Siku moja nilimwambia angeweza kuuacha pale juu, mtu angeushusha kesho. Akaniangalia kana kwamba nimependekeza kuacha bandeji chafu kitandani kwa mtu.

Mengi ninayoyajua juu ya unga ule mweupe, ambao wakulima wa bara huuita ubwiri unga, nimeyapata kwake, na mengi niliyapata kwa kugombezwa. Mimi nilidhani kila ukungu ni mtoto wa mvua, na Maskati mvua yetu unajua ilivyo. Alicheka. Huu, alisema, mvua hauitaki. Unataka mchana mkavu usio mkali, na usiku wenye unyevu wa bahari, na hiyo ndiyo hali yetu kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, wakati ule ule mawaridi yanapochanua. Majira ya joto unalala, kwa sababu jua letu halina urafiki na mtu. Lakini haufi. Unajificha kwenye vikonyo na majani makavu, unangoja.

Kwa hiyo dawa yake ya kwanza ilikuwa macho. Kila asubuhi baada ya sala alipanda juu na kikombe cha kahawa, akapita kitanda hadi kitanda, akigeuza majani machanga moja moja, kwa kuwa unga huanza kwenye majani laini yaliyo karibu na chipukizi. Akiona doa moja, dogo kama punje ya ufuta, alilikata jani hilo siku hiyo hiyo. Dawa ya pili ilikuwa maji. Aliyakinga maji yanayodondoka kwenye viyoyozi vya jengo zima, kila mpangaji akiwa na ndoo yake chini ya bomba kwa amri yake, na asubuhi aliyanyunyiza juu ya majani na chini yake kuosha vumbi lile la ugonjwa kabla halijaota.

"Asubuhi," alikuwa akisema. "Jua liyakaushe. Jioni usimmwagie mtu maji ya kichwa ukamlaza."

Ukizidi, alichanganya kikombe kimoja cha maziwa na vikombe tisa vya maji, akapulizia mara moja kwa wiki. Maziwa yakishindwa, soda ya kuokea keki, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji na tone la sabuni. Baada ya hapo mafuta ya mwarobaini. Mwisho kabisa, kwenye kabati lenye kufuli pale juu ya paa, kulikuwa na kopo la salfa, na kopo hilo alinifundisha kama mtu anavyomfundisha mwanafunzi sindano ya hatari: alfajiri tu, siku ya baridi tu, na kamwe si juu ya jani lililopakwa mafuta karibuni. "Wiki mbili zipite kati yao," alisema. "La sivyo umemchoma."

Mbolea aliitoa kwa mkono wa birika. Jirani mmoja alimletea gunia zima la mbolea ya kukuza majani, akalirudisha na shukrani. Mgonjwa wa namna ile, alisema, halishwi biriani. Ukimlisha sana anatoa majani mengi laini, na unga unapenda laini.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa mgomvi. Akigomba, aligomba kwa Kiarabu, na akibembeleza, alibembeleza kwa Kiswahili cha Unguja, kwa hiyo jengo zima lilijua hali ya hewa ya siku hiyo kwa kusikia lugha tu. Sisi watu wetu walitoka Tabora, na Kiswahili chetu hakikumridhisha hata siku moja. Nikisema "kumwagilia" angeweza kukubali, lakini mama yangu aliposema "nimeshasahau kabisa kabisa" kwa lafudhi ya kwao, Bi Nesi alifumba macho kama anayeumwa jino.

"Nyie watu wa bara," alisema, "mnayaburura maneno kama magunia."

"Na nyie mnayameza," mama akamjibu, "mpaka mtu hajui mmesema au mmekula."

Walipendana sana wale wawili. Mama yangu alipopata homa iliyomlaza siku nne, Bi Nesi alishuka na mto wake na kipimajoto chake, akakaa ubavuni pake kila mchana nikiwa ofisini, akimlisha uji kijiko kwa kijiko huku akimwambia kwamba mgonjwa mbishi kama yeye hajapata kumwona.

Alikataza watu sukari, na kwenye kabati lake la vyombo hapakukosekana bakuli la halwa. Aliwahimiza wajawazito wote wa mtaa wasikose kliniki, na yeye mwenyewe tangu astaafu hakukanyaga hospitali. Mkono wake ulikuwa umechoma sindano maelfu ya watu, na alipotakiwa kuchomwa yeye sindano ya mafua ya msimu, alipata safari ya ghafla ya kwenda Sib kwa mwanawe. Nilimcheka kwa hilo. Akasema, "Mgonjwa hajui yanayotendeka mle ndani, ndiyo maana haogopi. Mie nnajua."

Maua yake hakuyauza na hakupenda mtu ayachume ili apige nayo picha. Yalikuwa na kazi moja. Mwanamke yeyote wa jengo letu au la jirani aliyejifungua, siku anarudi nyumbani alikuta waridi moja ndani ya glasi ya chai, limeondolewa miiba yote. Hakuambatanisha salamu. Alisema mtoto huletewa zawadi na kila mtu, na mama yake huulizwa tu kama anakula.

Miaka ikaenda hivyo. Waridi langu lilitoka kifungoni, likapewa kitanda, nami nikapewa zamu. Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo siendi ofisini, nilipanda naye. Nilijifunza kugeuza jani bila kulivunja. Nilijifunza kunyamaza anapohesabu machipukizi.

Mwaka ambao mambo yalibadilika, dalili za kwanza zilikuwa ndogo hata sikuziita dalili. Alianza kushika ukuta kwenye ngazi. Kahawa aliyonimiminia ilifurika kikombe, akasema birika limeharibika mdomo. Aliniomba nimsomee maandishi ya dawa, eti yameandikwa na watu wanaobania wino. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya mama yangu sebuleni kwetu, anamuulizia mama yangu yuko wapi. Tulicheka wote watatu, na yeye alicheka zaidi yetu.

Halafu ukaja mwezi wa pili. Nilikuwa nimesafiri kikazi karibu wiki tatu, na Ijumaa ya kwanza niliporudi nilipanda juu. Alikuwa kitanda cha nne, ameinamisha uso karibu sana na majani, kanga mgongoni, saa kifuani. Akanisikia.

"Karibu, mwanangu. Njoo uone. Mwaka huu alhamdulillahi, hakuna maradhi. Hata moja."

Nikaangalia. Kitanda cha nne kilikuwa cheupe, na cha tano vilevile. Machipukizi yalikuwa yamejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi, na vitumba vya maua vilikuwa vimepakwa unga mpaka kwenye shingo. Safu yote ya upande wa bahari ilikuwa imeshika ugonjwa, na safu ya pili ilikuwa inaanza. Yeye aliyekuwa akiona punje ya ufuta alikuwa amesimama katikati ya unga ule na uso wake umejaa furaha.

Ningeweza kusema pale pale. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini aliniangalia, au niseme aligeuzia uso wake upande wa sauti yangu, akaniuliza, "Si wazuri?"

"Wazuri, Bi Nesi," nikasema.

Baada ya uongo ule wa kwanza, uliofuata ulikuwa rahisi. Nikaanza kupanda juu asipokuwepo. Alasiri akishuka kwa mama yangu kunywa chai, mimi nilisema nakwenda dukani, nikapanda kuosha majani na kukata yaliyozidi. Nikapulizia maziwa. Nikapulizia soda. Mama akaniuliza mbona narudi dukani mikono mitupu. Nikamwambia, naye akanikataza. "Mwambie," akasema. "Yeye si mtoto." Nikasema nitamwambia, nikishawaponesha kwanza. Nilijidanganya kwamba nikiwaponesha hapatakuwa na la kumwambia.

Hawakupona. Nilikuwa nafanya kazi ya kuibaiba, dakika kumi hapa, robo saa pale, na unga ule hauogopi mtu wa haraka. Mwezi wa tatu ukaingia, na joto nalo. Ijumaa moja mwanawe alikuja kumchukua kwenda kula mchana Sib. Niliposikia gari limeondoka nilichukua ufunguo wa kabati, ambao nilijua anauficha pale juu chini ya kopo la kahawa, nikatoa salfa. Ilikuwa saa sita mchana. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa, sakafu inachoma kupitia ndara. Nilijua kanuni. Nilijua pia kwamba siku mbili kabla yake, mwenyewe kwa mkono wake, alikuwa amewapaka mafuta ya mwarobaini, kama kinga tu. Lakini nilijiambia sitapata tena nafasi kama hii. Nikapulizia vitanda vyote.

Jumapili niliporudi kutoka ofisini alikuwa amekaa kwenye ngazi, mbele ya mlango wetu. Mkononi alikuwa na majani. Hakuwa na kisahani safari hii. Aliyaminya, yakalia kama karatasi.

"Nani amewachoma moto wagonjwa wangu?" akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, na hilo liliniogopesha kuliko Kiarabu chake chote.

"Mimi, Bi Nesi."

"Kwa salfa."

"Kwa salfa."

"Saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

Akafumba macho. "Juu ya mafuta yangu. Kwa sababu gani? Walikuwa wazima."

Mama alikuwa ametokea mlangoni. Alinitazama. Nikakaa kwenye ngazi, chini ya Bi Nesi, nikamwambia yote: weupe wa vitanda, wiki zote zile, duka nisilokwenda, maziwa na soda. Nilimwambia kwamba unga ulikuwa umejaa kila mahali na yeye alikuwa akiniambia hakuna.

Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu niliporudi safari. Mwezi wa pili."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuonea huruma."

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo wanavyofanya jamaa za mgonjwa. Wanamficha. Sisi manesi tulikuwa tukiwatoa nje ya wadi." Akainuka, akatafuta ukuta kwa mkono, akaupata. "Nimefanya kazi ile maisha yangu yote, sijamdanganya mgonjwa hata mmoja. Hata anayekufa. Weye umenidanganya mie kwa majani."

Akapanda. Nikasikia mlango wake ukifungwa taratibu.

Kwa siku tisa hakutufungulia. Mama alipeleka chakula, akaacha mlangoni. Sahani ilirudi imeoshwa. Mimi nilipanda juu kila asubuhi kabla ya ofisi, nikaokota majani yaliyopukutika, kwa kuwa sikujua la kufanya zaidi. Yalikuwa yameungua kuanzia kingoni hadi katikati, ya kahawia, na mashina yamebaki wazi kama waya. Nilimpigia mwanawe simu nikaikata kabla hajapokea. Nilikuwa nimeshafanya mambo ya kutosha nyuma ya mgongo wa mama yake.

Siku ya kumi alibisha hodi. Alikuwa amevaa abaya na viatu vya kutokea, na mkoba wake kwapani.

"Leo una kazi?"

"Ninayo."

"Omba ruhusa. Nnakwenda kupimwa macho. Mwanangu wa Sib asijue bado."

Katika gari tulipita mtaa wa Ruwi. Hapo ndipo aliponiambia habari ya dadake mkubwa, ambaye hakupata kumtaja. Dadake alipofuka. Ilikuwa presha ya macho, ile isiyouma wala kuonyesha kitu, na siku aliyokwenda kwa daktari aliambiwa kilichopotea hakirudi. Bi Nesi ndiye aliyekuwa amempeleka. Ndiye aliyesimama kando ya kiti akitafsiri maneno ya daktari, akachagua maneno, akayapanga, akamwambia.

"Kwa hiyo nlipoanza kuona ukungu, nlijua," akasema. "Nkasema, nikikaa bila kuambiwa, basi bado. Mtu hajawa kipofu mpaka aambiwe. Jinga kubwa mie. Mgonjwa angeniambia maneno hayo ningemgombeza mpaka ajute."

Kliniki hakuwa mgonjwa mzuri. Alimwambia nesi aliyempima presha kwamba ameufunga ule mkanda chini mno, karibu na kiwiko, na nesi, msichana mpole, akaufungua akaufunga upya. Lakini alipoitwa ndani alishika mkono wa nguo yangu kwa vidole viwili, na hakuuachia hata alipowekewa kidevu kwenye mashine. Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili. Alichukua muda. Nilisikia pumzi ya Bi Nesi ikiingia na kutoka.

"Ni mtoto wa jicho," daktari akasema kwa Kiarabu. "Macho yote mawili, na umechelewa kuja, mama. Lakini tutamtoa."

"Si presha?"

"Presha ya macho yako ni ya kawaida."

"Pima tena."

Akapima tena. "Ya kawaida."

Bi Nesi akauachia mkono wa nguo yangu. Akatoa leso, akapenga kamasi kwa nguvu, akamuuliza daktari kama ana uhakika amenawa mikono.

Jicho la kwanza lilifanyiwa operesheni baada ya wiki chache. Mwanawe alikuja, akanishukuru, na mama yake akamkatiza: "Usimshukuru sana, kwanza aliwachoma." Nilijua kuanzia hapo kwamba nimesamehewa, au angalau nimepewa kitanda. Wakati amelala na kifuniko cha plastiki jichoni, haruhusiwi kuinama wala kubeba, mimi nilikuwa juu ya paa na simu sikioni, naye chini ananiongoza. Nikate kila tawi lililoungua mpaka nione kijani ndani ya shina. Niyahamishie yote kwenye kivuli cha matangi. Niyape maji ya kiyoyozi asubuhi, mbolea nisiwape hata kidogo. Nipanguse mkasi.

"Umepangusa?"

"Nimepangusa."

"Sijasikia chupa ikifunguliwa."

Alipopanda juu kwa mara ya kwanza nilikuwa nyuma yake kwenye ngazi, nimeweka mikono tayari, na hakuihitaji. Mlangoni alisimama. Jicho lililotibiwa lilikuwa limelengwa na machozi kwa sababu ya mwanga, au alisema ni mwanga. Alitazama matangi, akatazama kamba za nguo za jengo la pili, akatazama vilima vilivyo nyuma ya Darsait, vile vya rangi ya chuma, kwa muda mrefu.

"Kumbe vina mistari," akasema.

Kisha akapita kitanda hadi kitanda. Vitatu vilikuwa vimekufa, na kimoja kati ya hivyo ni cha saba, lile la pinki. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Aliling'oa, akalivunja shina, akanusa, akalitia kwenye mfuko wa taka bila kuniangalia. Mengine yote yalikuwa yamechipua. Majani mapya ya waridi hutoka na rangi nyekundu kama ya zambarau, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na asubuhi ile yalikuwa yamejaa kwenye kila fundo la kila shina. Alikuwa amefika kitanda cha kumi na moja aliposimama, akainama, akageuza jani moja.

"Hili umeliona?"

Niliinama pamoja naye. Sikuona kitu. Alinisogezea jani karibu, na hata hivyo ilinichukua muda: doa moja jeupe, chini, karibu na mshipa.

"Sijaliona," nikasema.

"Mkasi."

Nikampa. Akaupangusa kwa spiriti, akakata, akaupangusa tena. Kisha akanitazama mimi, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, akanichunguza kutoka paji la uso mpaka kidevuni.

"Na weye umekonda," akasema. "Hakuna aliyeniambia."

Mwaka uliofuata mwenye jengo alitaka kulikarabati paa, na mwanawe akamhamisha Sib, kwenye nyumba yenye uwanja. Mawaridi yalisafirishwa kwa gari la mizigo, yamepangwa kwa nafasi, naye amekaa mbele akimwambia dereva apunguze mwendo kwenye matuta. Tulipigiana simu wiki za mwanzo, kisha sikukuu kwa sikukuu. Karibu mwaka mzima sikumtia machoni.

Msimu huu wa baridi nilikuwa na shughuli Sib, na asubuhi nikasimama kwenye duka la mikate kumnunulia mama mkate wa moto. Nilipotoka, gari dogo jeupe lenye bango la kujifunzia udereva lilikuwa linajaribu kuingia kwenye nafasi iliyo kando ya gari langu. Liliingia nusu, likatoka, likaingia upande mwingine, likatoka. Nikasimama na mikate yangu kifuani, namwomba Mungu lisinikwaruzie langu. Mara ya tatu liliingia, limenyooka kabisa, na injini ikazimika. Dirisha likateremka.

"Usiogope," akasema Bi Nesi. "Nnaliona."

Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, mgongo wima, hakuvaa miwani. Kando yake mwalimu wake, binti wa Kiomani mwenye umri wa kuwa mjukuu wake, alinipungia mkono kwa uchovu.

Nilimwamkia, nikamuuliza habari za mawaridi. Akasema hawajambo, kuna wawili wametengwa. Akaniuliza kama mama yangu bado anaburura maneno. Nikasema anaburura. Halafu nikauliza lile nililotaka kuuliza.

"Bi Nesi, tangu lini?"

"Tangu walipomtoa mtoto wa jicho la pili. Nimekwenda kupimwa, wakanionyesha zile alama zao ukutani, nkazisoma zote mpaka mstari wa chini. Nkasema, basi nipeni gari."

"Na mtihani?"

"Jumanne. Wa tatu. Wa kwanza niligonga koni. Wa pili sikugonga kitu, lakini nilibishana."

Mwalimu alisema kitu kwa Kiarabu juu ya muda. Bi Nesi akawasha gari. Likaguna, likakubali.

"Ukipata leseni unataka kwenda wapi?" nikamuuliza.

Akafikiri kweli kweli, mkono kwenye gia. "Sijui," akasema. "Miaka yote nimepelekwa mahala. Sijapata kuulizwa."

Akarudi nyuma taratibu, akageuza kichwa kushoto na kulia mara nyingi kuliko inavyohitajika. Barabara ilikuwa na magari, akangoja. Ikawa tupu, akaendelea kungoja kidogo. Wa nyuma yake akapiga honi, na wa nyuma ya huyo naye akapiga. Taa yake ya kulia ilikuwa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Kisha akakata kulia, akaenda.